Kabla ya Tangi Jipya, Kagua Lile la Zamani: Mwongozo kwa Klabu za Kujitolea Nairobi

Kwenye kuta za shule nyingi za msingi za Nairobi kuna kibao chenye jina la klabu fulani, mwaka, na neno la shukrani. Hatua chache kutoka hapo kuna tangi la maji. Kibao ni historia ya klabu. Tangi ni kazi yake. Klabu inayoandika historia bila kwenda kufungua mfereji wa tangi inaandika orodha ya zawadi tu. Ile inayokimbilia mradi mpya kabla ya kukagua wa zamani hulipia kosa lile lile mara ya pili, kwa bei ya leo.

Mwongozo huu unafuata tangi la maji ya mvua shuleni, la lita 10,000, kwa kuwa ndilo linalotolewa sana na ndilo linaloharibika kwa njia nyepesi kutabiri. Utaratibu wa kutafuta kumbukumbu na kuandika unafaa pia kwa choo, maktaba au kambi ya macho.

Kutafuta kilichotolewa

Anza na vitabu vya mweka hazina, kumbukumbu za mikutano baadaye. Mkutano hupitisha mambo mengi yasiyotendeka. Risiti ya simiti na malipo ya lori haviandikwi bure. Kwa kila mradi fungua kadi moja: kitu gani, wapi, mwaka, gharama ya wakati huo, nani alikabidhiwa, nani alisimamia fundi. Acha nafasi chini ya kadi, utaijaza siku ya ukaguzi.

Majina ya mahali yatakuchanganya. Makaratasi ya kabla ya uhuru na miaka michache baadaye husema Delamere Avenue, leo Kenyatta Avenue. Government Road, leo Moi Avenue. Victoria Street, leo Tom Mboya Street. Duke of York ni Lenana School, Prince of Wales ni Nairobi School, Duke of Gloucester ni Jamhuri. Shule iliyoandikwa kuwa ya City Council inaweza kuwa ile ile unayopita kila siku, kwani baraza hilo lilimaliza muda wake serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013. Andika jina la zamani na la sasa kwenye kadi, ukiongeza wadi. Nairobi ina wadi 85, na jina la mtaa peke yake halitoshi.

Klabu ikiwa ya zamani kweli, nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue na maktaba ya McMillan iliyo Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931. Magazeti ya zamani huonyesha picha za makabidhiano na tarehe kamili, hata pale kumbukumbu za klabu zilipoliwa na mchwa.

Jua pia mizizi ya klabu yako, maana itakueleza utafute nini. Rotary ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na wakili Paul Harris, na klabu ya Nairobi ikaanza mwaka 1930. Lions ilianzishwa na Melvin Jones mwaka 1917. Mwaka 1925 Helen Keller, aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliwaomba wanachama wake wapigane na upofu. Ndiyo sababu makaratasi ya klabu ya Lions yatajaa kambi za macho, na ndiyo sababu kuna hospitali ya macho ya Lions pale Loresho. Rotary nayo ilijifunga na polio duniani kote mwaka 1985. Kazi hiyo haina kibao ukutani: mtu alibeba kisanduku cha barafu chenye chanjo mlango kwa mlango, akarudi nyumbani. Afrika ilitangazwa kuwa imeshinda virusi vya polio vya asili tarehe 25 Agosti 2020. Mwanachama aliyebeba kisanduku hicho anastahili kadi yake kama aliyejenga tangi.

Hapa kuna pengo ambalo waandishi wengi wa historia za klabu huliruka. Lions ilifungua uanachama kwa wanawake mwaka 1987 na Rotary mwaka 1989. Kabla ya hapo, kwenye orodha za wanachama hutaona jina la mwanamke, lakini chakula cha kambi, kushona sare na kutembelea wagonjwa vilifanywa na wake, dada na mabinti wa wanachama. Uliza kwa makusudi: mama nani alipika siku hiyo? Nani alitunza watoto foleni ikiwa ndefu? Usipouliza, historia itaandikwa nusu.

Wazee wachache hukumbuka mwaka kwa namba. Wape vigingi: ni kabla au baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, 1978? Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982? Mvua za El Niño za 1997 na 1998? Bomu la Agosti 1998? Masomo ya bure ya shule za msingi, 2003? Kwa maswali matatu utaupata mwaka kwa tofauti ya mmoja au miwili, halafu risiti itakamilisha.

Siku ya ukaguzi

Tuma barua kwa mwalimu mkuu wiki moja mbele, ukisema wazi kwamba mnakuja kukagua na hakuna makabidhiano. Shule iliyozoea wageni wa kupiga picha itaandaa nyimbo na chai, waombe wasiandae. Epuka wiki ya kufungua shule na wiki za mitihani. Fika kabla ya mapumziko ya asubuhi, sahihini kitabu cha wageni, kisha simameni karibu na tangi kengele ikilia. Dakika hizo ishirini zitawaonyesha mengi kuliko ripoti yoyote: watoto wanakwenda kwenye mfereji, au wanapita wakielekea kwa muuza maji nje ya lango?

Bebeni tepu ya kupimia ya mita 5 na nyingine ya mita 30, mtungi wa lita 20, ngazi, tochi, saa, kijiti kirefu cha mbao, tepu nyeupe ya mafundi, spana mbili za paipu na washa kadhaa za mfereji, yaani vile vipete vya kuzuia maji kuvuja. Mara nyingi kitu kilichoua mradi ni washa, na washa huuzwa kwa pesa ya soda.

Pima mambo matatu. Kwanza, jaza mtungi wa lita 20 ukihesabu muda. Ukizidi dakika mbili na tangi lina maji, paipu ya kutokea imeziba kwa matope. Pili, pima kina cha maji kwa kijiti jioni mifereji yote ikiwa imefungwa, umwachie mlinzi kijiti apime tena alfajiri. Tangi lenye upana wa mita 2.3 hubeba karibu lita 41 kwa kila sentimita moja ya kina. Kushuka sentimita 3 usiku mmoja ni zaidi ya lita 120 zilizopotea. Tatu, hesabu watumiaji wa leo. Shule nyingi za msingi zilibaki na wanafunzi wa gredi ya 7 mwaka 2023, kisha gredi zilizofuata, kwa hiyo tangi lililopimiwa watoto 400 huenda linahudumia 600. Kipimo cha Sphere, kinachotumiwa na mashirika ya misaada, ni lita 3 kwa mwanafunzi kwa siku za kunywa na kunawa mikono. Watoto 600 humaliza lita 1,800 kwa siku; tangi lililojaa pomoni huisha siku ya sita. Liandikwe hivyo kwenye kadi, bila aibu. Klabu isiyosema ukweli huu huahidi maji ya mwaka mzima na kutoa ya wiki moja.

Kwa nini tangi ni kavu na mvua imenyesha

Kosa huwa juu, kwenye gata, yaani kile kihori cha ukingoni mwa paa kinachopokea maji ya mvua. Elewa hesabu kwanza: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa hupimwa kwa kivuli chake ardhini. Usifuate mteremko wa mabati. Jengo la madarasa matatu lenye urefu wa mita 24 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 144. Mvua ya milimita 25, ya kawaida mwezi wa Aprili Nairobi, inatoa lita 3,600; toa humo sehemu ya tano inayorukia nje na kukauka, zinabaki karibu 2,900. Siku nne za mvua kama hiyo zinajaza tangi.

Ila paa la migongo miwili likiwa na gata upande mmoja tu, unavuna nusu. Hili ndilo kosa la kwanza tunaloshauri mliangalie, maana linaonekana ukiwa umesimama uwanjani, na bado hukaa miaka kumi bila mtu kulisema. Ongezeni gata ya pili na paipu ya kuivusha hadi kwenye tangi kabla hata ya kufikiria tangi la pili.

Kisha panda ngazi umwage mtungi wa maji mwisho wa gata ulio mbali na paipu ya kushukia. Maji yakisimama katikati, gata imelegea. Mteremko unaofaa ni milimita 5 hadi 10 kwa kila mita. Kwa gata ya mita 24 ni afadhali paipu ishukie katikati: kila upande wa mita 12 utahitaji kushuka sentimita 6 tu, na gata haitaachana na ukingo wa mabati. Vishikizo viwe kila sentimita 60. Fundi anayebana pesa huviweka kila mita moja na nusu, gata inapendeza siku ya makabidhiano, halafu majani ya mkaratusi yaliyoloa huivuta chini msimu wa kwanza. Kabla ya kupigilia chochote, choma ubao wa ukingo wa paa kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, badilisha ubao huo kwanza.

Mvua ya Nairobi hupiga kwa nguvu na kuruka juu ya gata. Kipande cha bati kilichokunjwa na kusimamishwa ukingo wa nje wa gata, kimo cha sentimita 10, hurudisha maji hayo ndani.

Maji ya kwanza ya kila mvua yana vumbi, masizi ya magari na kinyesi cha ndege. Yatengwe: nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa. Upande mmoja wa paa letu, mita za mraba 72, unahitaji kutenga lita 36. Paipu ya inchi 6 iliyosimama, yenye urefu wa mita 2, inabeba kiasi hicho. Ikijaa, maji masafi hupita juu yake kwenda kwenye tangi. Chini uwekwe mfuniko wa kufungua kwa mkono, wenye tundu la milimita 3 ili paipu ijitoe maji yenyewe kabla ya mvua inayofuata. Tundu likiziba, uchafu hurudi tangini. Mfuniko ukipotea, mvua nzima hutoka ardhini, na shule itasema tangi limetoboka. Fungeni mfuniko kwa mnyororo mfupi.

Baadhi ya majengo ya zamani yameezekwa kwa asbesto. Hapo msikate, msitoboe, msipige brashi. Wasiliana na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wawaelekeze kwa watu wenye leseni ya kuiondoa, na mradi wa maji usubiri paa jipya.

Msingi, na udongo mweusi

Lita 10,000 za maji ni tani 10. Tangi la plastiki likikalia mawe matupu au mbao, sakafu yake hupasuka pale penye jiwe lililochomoza, na ufa huo haushikiki kwa gundi.

Sehemu kubwa za Embakasi, South C na Lang'ata zina ule udongo mweusi ambao mafundi huuita blaki kotoni. Hufura kwa mvua na kukauka kwa nyufa, ukivunja zege yoyote iliyowekwa juu yake. Chimbeni wote mpaka murram ngumu au mwamba, mjaze mawe yaliyoshindiliwa, ndipo mmwage zege. Kuruka hatua hii ili kuokoa siku mbili za kibarua ndiko kunakoleta matangi yaliyoinama.

Zege iwe mraba wa mita 2.7 kwa 2.7, unene wa sentimita 15, na wavu wa chuma, ile BRC, ukae katikati ya unene wake. Ukilala chini kabisa hausaidii. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, yaani simiti, mchanga, kokoto, mtatumia mifuko 7 ya simiti ya kilo 50, nunueni 8. Mchanga ni karibu nusu mita ya ujazo, kokoto mita moja. Zege iloweshwe asubuhi na jioni kwa siku 7 kabla ya kupandisha tangi, na afadhali siku 14 kabla ya kulijaza. Maji ya kufurika yaongozwe kwa paipu yenye upana sawa na ile ya kuingilia hadi mtaroni, la sivyo yatachimba chini ya msingi kidogo kidogo.

Pimeni kimo kabla ya kulipia tangi. Tangi la ukubwa huu lina kimo cha karibu mita 2.5, nyingine zaidi, na madarasa mengi ya chini yana ukingo wa paa usiofika mita 3. Ukiongeza msingi, mdomo wa tangi unaweza kuwa juu ya gata, na maji hayapandi mlima. Dawa ni matangi mawili mafupi yaliyounganishwa chini. Pimeni na njia pia: vichochoro vya Mathare au Mukuru havipitishi tangi la upana wa mita 2.3, na lori litarudi nalo.

Mfereji

Watoto huning'inia kwenye mfereji. Kwa hiyo usitoke moja kwa moja kwenye ukuta wa tangi. Utoke kwenye nguzo ya zege, mita moja au mbili mbali, kwa paipu ya chuma, na mfereji wenyewe uwe wa shaba ya njano, wa robo tatu ya inchi. Kati ya tangi na nguzo wekeni valvu, ili washa ibadilishwe bila kumwaga maji yote. Hiyo valvu ndogo ndiyo tofauti ya ukarabati wa dakika kumi na mradi uliokufa.

Paipu ya kutokea iwe sentimita 15 juu ya sakafu ya tangi, matope yabaki chini, na kuwe na tundu jingine chini kabisa la kusafishia. Kimo cha mfereji: sentimita 60 hadi 70. Chini yake chimbeni shimo la kina cha mita moja lililojazwa mawe, vinginevyo patakuwa dimbwi na mbu.

Kusafisha na dawa

Safisheni mwishoni mwa kiangazi, Februari ikiisha, maji yakiwa kidogo. Gata zisafishwe tena mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli. Tumia brashi yenye mpini mrefu kutoka nje; mtu akilazimika kuingia, mwingine akae mdomoni mwa tangi muda wote, na mfuniko uwe umeachwa wazi saa kadhaa. Sugueni kwa maji ya lita 20 yaliyotiwa mililita 250 za dawa nyeupe ya kufulia yenye klorini asilimia 3.5, isiyo na manukato, kisha suuzeni na kumwaga.

Tangi likijaa, tieni mililita 600 za dawa hiyo hiyo kwa lita 10,000. Someni asilimia kwenye chupa. Ikiwa tofauti, badilisheni kiasi. Wacheni usiku mzima, kisha pimeni kwa vipande vya karatasi vya kupimia klorini: miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita inatosha. Mfuniko ufungwe na kila tundu liwe na wavu mwembamba wa kuzuia mbu. Mwanga ukiingia, maji huwa kijani.

Shule ikiwa na kisima kirefu, usidhani maji ya mvua hayana kazi. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na hiyo huchafua meno ya watoto kwa rangi ya kahawia isiyotoka. Maji ya mvua yatengwe kwa kunywa, ya kisima kwa kuosha.

Pesa na fundi

Michango iingie akaunti ya benki ya klabu kupitia Paybill, kamwe isiingie simu ya mweka hazina, hata akiwa mwaminifu kuliko wote. Anayelindwa hapo ni yeye. Vifaa nunueni wenyewe, fundi mlipeni kazi tu, kwa sehemu tatu: asilimia 40 vifaa vikifika, 40 tangi likipita jaribio la usiku, na 20 baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi mzuri hakatai mpango huu.

Kwa kila tangi, acheni shuleni fedha ndogo ya washa na vishikizo, iandikwe kwenye barua ya makubaliano kati ya klabu na bodi ya shule, pamoja na jina la cheo cha anayeshika ufunguo wa valvu. Andikeni cheo, kwa sababu walimu huhamishwa.

Kuandika ukurasa wa mradi

Sasa rudi kwenye kadi. Chini ya maelezo ya zamani jaza tarehe ya ukaguzi, kilichofanya kazi, kilichoharibika na sababu yake, kilichotengenezwa na bei. Andika sababu kwa usahihi: "gata ilianguka, vishikizo kila mita 1.5" itamsaidia katibu wa mwaka 2040, "tangi lilikuwa na changamoto" haitamsaidia mtu. Mradi uliokufa nao uandikwe. Taja waliofanya kazi, pamoja na fundi na mama wa jikoni la shule, wakikubali kutajwa.

Picha ziwe za kitu: gata, msingi, mfereji, kila moja ikiwa na tarehe. Watoto wasitambulike usoni isipokuwa mzazi au mlezi ametoa idhini, kama inavyotakiwa na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019; idhini ya mwalimu mkuu haitoshi.

Chapisheni nakala tatu za kadi. Moja kwa faili la klabu, moja kwa ofisi ya mwalimu mkuu, na ya tatu iwekwe kwenye mfuko wa plastiki mgumu, ibandikwe ndani ya mlango wa stoo ambako ufunguo wa valvu unaning'inia.